Bundi Aliyeitika Hodi

Wifi yangu hawezi kuingia mahali bila kupiga hodi. Nasema hawezi, sikusema hapendi. Mlango uwe wazi, watu wawe wamekaa sebuleni wanamtazama na wameshampungia mkono, yeye atasimama kizingitini aseme "Hodi," na asipoitikiwa hatii mguu. Choo cha nyumbani kwake, anakoishi peke yake, anakipigia hodi. Siku moja nilimkuta anafungua jokofu langu, nikaona midomo inacheza. Nikamwambia, "Wifi, unangoja nyanya zikukaribishe?" Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kesho yake akalipigia tena.

Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Wamelelewa na bibi yao, mwanamke aliyekuwa hana mchezo. Mtoto akiingia ndani bila hodi alirudishwa mpaka njiani aanze upya, hata kama ana ndoo ya maji kichwani. Na sheria ya bibi ilikuwa na mkia wake: hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu hukuitikiwa, geuka uende zako, wala usinune, maana wenye nyumba wana sababu zao. Mume wangu mafunzo hayo aliyatupa zamani, siku hizi anaingia chumbani kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Dada mtu yalimwingia damuni. Nayaeleza mapema kwa sababu ndiyo yaliyomponza.

Anafanya kazi kwenye kituo cha hisani kinachookoa wanyama wa hapa mjini. Kiko nyuma ya gereji, kwenye jengo lililokuwa ghala la vigae, na ukivuka geti tu unapokewa na harufu ya dawa, nyasi kavu na mikojo ya paka. Wanaoletwa pale ni viumbe waliogongana na mji: kobe aliyekanyagwa na pikipiki, popo aliyenasa kwenye wavu wa goli, tumbili aliyeungua kwa nyaya za umeme, punda aliyechoka, mwenyewe akamwacha barabarani na vidonda vyake. Mkubwa wao ni Daktari, mama mmoja mfupi asiyepandisha sauti. Akikasirika anavua miwani, basi, na watu wazima wanatafuta pa kujificha. Halafu kuna dereva, wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Anaimba akiendesha, anaimba akibadilisha tairi, anaimba tumbo likimuuma. Akifika getini na mnyama garini utamsikia mtaa wa pili: "Hodi hodi wenyewe! Mgeni kaja na mkia!"

Wifi aliingia pale kufagia. Lakini ana mikono mitulivu, mikono ambayo hata mwanangu mchanga alikuwa akinyamaza akishikwa nayo, na Daktari hakukawia kuliona hilo. Akamtoa kwenye ufagio akamweka chumba cha makinda, kulisha ndege wasio na mama. Siku aliyopewa kazi hiyo alikuja kwangu na sura ya bibi harusi. Nilifurahi naye, sitaki kusema uongo. Mume alimkimbia zamani, mtoto hakujaliwa, na watu wana midomo. Kuwa na mahali ambapo ukiingia tu kuna viumbe wanakufumbulia vinywa kwa kukutamani si jambo dogo kwa mtu kama yeye.

Sasa bundi. Mafundi waliokuwa wanabomoa dari ya ofisi kuukuu walikuta makinda ya bundi mle juu. Wengi walitupa nyundo wakakimbia. Mmoja alikuwa na roho, akawatia kwenye kofia yake ya kazi akawaleta kituoni. Kufika asubuhi amebaki hai mmoja, kitu cheupe chenye manyoya kama pamba ya godoro lililopasuka, macho mawili na njaa.

Mimi ni fundi cherehani, na ndipo nilipoingizwa kwenye habari ambayo sikuiomba. Daktari alitaka nimshonee uso wa bundi wa kuvaa mkononi, pamoja na joho la kijivu linalomfunika mlishaji kuanzia utosini. Jamani! Mimi bundi simpendi. Nani asiyemjua? Akilia juu ya paa watu wanaanza kuulizana nani mgonjwa. Niliushona ule uso nimeugeuzia ukutani, nikajichoma sindano mpaka kidole kikavimba. Nikamuuliza Daktari ya nini yote haya, mtoto si alishwe tu? Akaniambia, "Mama, kinda akimjua binadamu kuwa ndiye mama yake, akikua atawafuata binadamu. Na binadamu watamuua."

Basi ndiyo ikawa sheria ya chumba kile. Unavaa joho, mkono mmoja unauvika uso wa bundi, nyama inatoka kwenye mdomo wa kitambaa. Na hakuna sauti. Hakuna kusema, hakuna mluzi, hakuna "njoo mwanangu." Redio alipigwa marufuku hata kupita ukumbi ule. Wifi yangu akapewa yule wa dari amlee peke yake, na Daktari akawa anamtolea mfano kwa wengine: "Mtazameni huyu. Akishavaa joho ni bubu."

Bundi akakua, akaota manyoya ya kweli, akafundishwa kukamata panya kwenye banda la wavu. Akavikwa pete mguuni, akaachiwa kwenye paa la ghala moja la nafaka. Jioni ile wifi alilia kama mtu aliyeoza binti. Nikamtania, "Mkwe umemwona? Ni wa ukoo gani?" Tukacheka, tukadhani yamekwisha.

Haikupita miezi mingi, simu ikalia kituoni. Aliyekuwa karibu nayo ni wifi. Upande wa pili ni mwanamume, fundi bomba wa mitaa ya bondeni, sauti inatetemeka kwa hasira. Kwao kuna bundi. Mama yake mzazi yuko kitandani, mgonjwa sana, na kila jioni watu wanakuja kumjulia hali. "Na kila mtu akipiga hodi mlangoni," alisema yule fundi, "huyu ndege anashuka. Hodi, huyu hapa! Hodi, huyu hapa! Anatua juu ya mlango, anafumbua mdomo. Mama anasikia makucha yakikwaruza, anasema ni mauti yanapiga hodi. Hali, halali. Sasa njooni mumtoe au nimtoe mimi."

Wifi alinisimulia simu hiyo baadaye. Alielewa palepale, kabla fundi hajamaliza. Akampa Daktari ujumbe wote kama ulivyo, mpaka neno hodi, akameza kitu kimoja tu.

Jioni alikuja kwangu. Hodi yake ilikuwa ndogo, karibu nisiisikie. Akakaa jikoni, nikampakulia, akawa anaukoroga wali kama anatafuta pete.

"Wifi," akasema, "nimefanya jambo."

"Umeua mtu?"

"Sijui bado."

Mwiko ukanitoka mkononi. Nikakaa.

"Nilikuwa nasema hodi," akasema.

"Wapi?"

"Pale. Kwenye pazia la chumba cha makinda. Kila nikiingia na nyama."

"We mwanamke! Si mliambiwa msiseme?"

Akanitazama na macho yaliyojaa maji. "Sikuwa nasema, wifi. Nilikuwa napiga hodi."

Nikataka kucheka, nikataka kumpiga kofi. Kwake yeye hodi haikuwa maneno. Ilikuwa kuvuta pumzi kabla ya kupiga hatua. Angeulizwa siku ile ile kama ametoa sauti mle ndani angeapa kwa kaburi la bibi kwamba hajafungua kinywa, na angeapa kwa moyo safi. Kumbe kinda wa watu, kila njaa yake ilipoisha, ilianza kuisha kwa neno lile. Hodi, halafu nyama. Halafu tukamwachia kwenye mji ambao hakuna nyumba isiyopigiwa hodi. Salaale!

"Basi kesho umwambie Daktari," nikasema. "Maji yameshamwagika, lakini si mwisho wa dunia."

Akatikisa kichwa kukubali. Lakini hakumwambia.

Maana kesho yake Daktari alikwenda mtaa wa bondeni, akaiona pete mguuni, akarudi, akawakusanya wafanyakazi wote uani akavua miwani. Akauliza nani aliyekuwa anapiga hodi karibu na chumba cha makinda. Na watu wote, bila hata kuambizana, wakageuka wakamtazama Redio. Nani mwingine? Mwanamume anayepiga hodi mpaka mbwa wa jirani wanaitikia! Redio kwanza alikataa. Akasema hakuwahi kukanyaga ukumbi ule tangu alipokatazwa. Wakamkazia macho. Akaanza kujikuna shingo, akasema, "Labda nilipitiwa, Daktari. Mimi najijua. Labda getini huku nilizidisha." Daktari akamwambia apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Redio akaacha funguo za gari mezani akatoka kimya, na wifi yangu alikuwa amesimama pale pale, amekumbatia joho la kijivu, amenyamaza kama lilivyotaka joho lenyewe.

Nilipojua hayo nilimtolea uvivu. Nilimwambia maneno ambayo wifi hamwambii wifi mwenzake isipokuwa mmoja wao yuko tayari kuhama mji. "Mwenzio kafukuzwa kwa domo lako! Umemtwika mtu mzigo wako, na kwa kuwa hana akili ya kujitetea umemwacha aubebe!" Hakujitetea. Alisema, "Wakijua, watanitoa kile chumba." Akarudia, "Watanitoa, wifi," kwa sauti ya mtoto. Mume wangu alikuwa ameketi hapo, akachukua shati lake akatoka nje. Nami hasira ikanipungua nusu, kwa sababu nilijua kile chumba ni nini kwake. Nusu nyingine ilibaki, na aliistahili.

Aliacha kula. Usingizi ukamruka. Alikuwa akikutana na mke wa Redio sokoni anakata kona. Na wakati huo Daktari na wenzake wanakwenda bondeni kila jioni na nyavu, wanapiga hodi mlangoni mwa watu kama wadai, na bundi anashuka nusu njia, anaona wavu, anarudi juu ya nguzo ya umeme. Alikwisha kurushiwa mawe na mtaa mzima, akawa mwoga wa kila mtu, lakini njaa ya neno lile haikumtoka. Fundi bomba uvumilivu ulimwisha. Akampigia Daktari simu akasema ameshanunua sumu ya panya na ameshakata nyama, jioni ya leo ndiyo mwisho, na asilaumiwe.

Wifi alinipitia kazini alasiri, jasho linamtoka. "Nisindikize," akasema. Nikauliza wapi. "Nisindikize tu, wifi. Nikitaka kurudi nyuma unisukume." Nikafunika cherehani, nikachukua mtandio.

Tulikuta uwanja umejaa. Nyumba ya fundi ni ya kawaida, ukuta wa matofali ambao haujapigwa lipu, kibaraza kidogo, ndoo za mabomba na viungo vyake pembeni. Watoto wamepandana juu ya gari bovu. Fundi mwenyewe amesimama na sahani yenye vipande vya nyama, ameishika mbali na mwili. Daktari yupo. Na pembeni yake, loo, Redio! Daktari alikuwa amemwita kwa akili yake nzuri tu: kama sauti iliyomzoesha ndege ni ya Redio, basi ya Redio ndiyo itakayomshusha.

Bundi alikuwa juu ya nguzo, amejikunja. Nilimtazama mara moja nikaangalia viatu vyangu.

"Haya," Daktari akasema. Redio akapiga hodi. Alipiga ya kuimba, alipiga ya kawaida, alipiga ya mgeni mwenye haya, alipiga ya mtu anayerudisha sufuria aliloazima. Watoto walikufa kwa kicheko. Kwa umati ule ndege hakushuka hata nusu njia, akageuza uso akatazama upande mwingine. Redio akapiga mpaka sauti ikakwaruza, jasho likamtiririka, na nilimwona usoni anavyotamani ashuke, ashuke jamani, ajulikane kuwa ni yeye, ili jambo liishe. Hapo ndipo nilipomgeukia wifi. Sikumsukuma. Alikuwa ameshaondoka ubavuni pangu.

Alikwenda mpaka kwenye kizingiti cha ile nyumba, akasimama pale wanaposimama watu. Akawapa mgongo watu wote. Akasema, kwa sauti ndogo ya siku zote, sauti ya kulifungulia jokofu:

"Hodi."

Kichwa cha bundi kikageuka, peke yake, mwili ukabaki ulivyo.

"Hodi," akasema tena.

Akaja. Mabawa yake hayakutoa sauti hata kidogo, nilihisi upepo tu kwenye mtandio. Alitua chini, miguuni pa wifi yangu, ndege mkubwa mzima mwenye makucha ya kuvunja shingo ya panya, akajikunyata, akatetemesha mabawa na kufumbua mdomo kama kinda wa kwenye dari. Hakuna aliyecheka. Wifi akavua shuka yake ya begani, akapiga magoti, akamfunika.

Na kutoka ndani, kutoka kwenye chumba cha giza ambacho sote tulikuwa tumekisahau, sauti nyembamba ikaitikia: "Karibu."

Wifi alinyanyuka na kile kifurushi kifuani. Alimtazama Daktari. "Ni mimi," akasema. "Nilikuwa napiga hodi kila nikiingia. Redio hajui kitu." Kisha, kwa kuwa amekwisha karibishwa, akaingia. Mimi na fundi tukamfuata, fundi bado na sahani yake.

Mgonjwa alikuwa mwanamke mkavu, macho yamezama, lakini ndani ya macho mlikuwa na mtu. Wifi akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisamehe. Si mauti yaliyokuwa yanapiga hodi kwako. Ni huyu. Ni mtoto wangu, nimemlea vibaya. Anadhani kila mwenye kupiga hodi amemletea chakula." Akafunua shuka kidogo, uso mweupe ukatokeza.

Bibi yule alimtazama ndege, ndege akamtazama bibi. Mimi nilikuwa nimeshikilia fremu ya mlango. Mwishowe bibi akasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Akapumzika, akapata pumzi. "Sasa siku zote hizi mimi nasali, nasema bado, bado, kumbe mwenzangu anataka nyama?" Kifua kikamtikisika. Alikuwa anacheka. Fundi bomba akaweka sahani chini akaanza kulia, mwanamume mzima. Wifi naye analia. Na kwa kweli kicheko kile kilimuumiza kuliko matusi, aliniambia, kwa sababu mwanamke yule alikuwa ameishi wiki nzima na mauti mlangoni, na aliyeyaleta ni yeye.

Nje Redio alikuwa amekaa kwenye ngazi. Wifi akasimama mbele yake, akasema, "Nisamehe." Redio akasema, "Mimi nilikuwa nimeshaamini ni mimi. Nimekuwa nalala najiuliza ilikuwa wimbo upi." Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ingekuwa afadhali.

Daktari hakuvua miwani. Alingoja mpaka tumerudi kituoni, akafunga mlango wa ofisi, mimi nikiwa ndani kwa sababu wifi hakuniachia mkono. Akasema njia ni mbili. Ya kwanza, bundi akae kwenye banda la wavu maisha yake yote, na bundi huishi miaka. Ya pili, afundishwe upya: ajue kwamba neno lile lina shari. Chakula atapewa na mtu mwingine, kimya, kwa bomba. Na kila jioni mtu atasimama nje ya banda apige hodi, ndege akija, apigiwe masufuria, amwagiwe maji, mpaka aikimbie.

"Redio ana sauti kubwa," wifi akasema. "Redio anaweza."

"Kwa Redio ndege hana woga wala mapenzi," Daktari akasema. "Sauti anayotakiwa kuiogopa ni yako."

Hakumtoa kwenye kituo. Chumba cha makinda alimtoa. Nilidhani wifi ataanguka, lakini alisema "Ndiyo, Daktari," kama mtu aliyepewa haki yake.

Nilikwenda kumwona akifanya kazi ile, mara moja tu, sikurudi. Jua linazama. Wifi amesimama mbele ya banda, mkono huu sufuria, mkono huu mwiko. Akasema "Hodi," sauti ileile tamu, haikuruhusiwa kubadilika. Bundi akaja mbio mpaka kwenye wavu, mdomo wazi. Na wifi akalipiga lile sufuria kama mwendawazimu, akapiga, akapiga, machozi yanamwingia mdomoni, na yule ndege akarudi nyuma akajibamiza kwenye mbao, halafu, masikini, akageuka akamtazama tena. Akamtazama kama anayedhani amekosea kusikia. Wifi akavuta pumzi. "Hodi," akasema. Akaja tena. Nilitoka nikatapika nyuma ya gereji, mimi nisiyempenda bundi.

Siku zile aliacha kupiga hodi kwa watu. Alikuwa akija kwangu anasimama tu nje ya mlango, na nikiona kivuli kimekaa sana chini ya pazia nasema, "Ingia, wifi." Anaingia na kichwa chini. Watoto wakamuuliza, "Shangazi, mbona siku hizi hupigi hodi?" Akawaambia neno hilo limemchachia mdomoni. Mara nyingine nilimwambia basi, inatosha, umeshakiri, Redio amerudi kazini anaimba, yule bibi wa bondeni amepata nafuu mpaka anatembea na fimbo. Alikuwa akinisikiliza vizuri kabisa. Halafu anasema, "Lakini bado anakuja, wifi. Amepunguza, lakini anakuja."

Mpaka jioni moja bundi hakuja. Na iliyofuata hakuja.

Wakampeleka pembezoni mwa mji, kwenye miti nyuma ya machimbo ya kokoto, mbali na milango ya watu. Redio aliendesha, mimi nikakaa nyuma na wifi, sanduku katikati yetu. Daktari akalifungua. Bundi alitoka, akapanda kwenye tawi kavu, akajitikisa manyoya. Tukangoja mpaka ameona pale ni wapi. Kisha Daktari akamgusa wifi bega. Lazima ajaribiwe mara ya mwisho, na safari hii hapakuwa na sufuria wala maji, sauti peke yake.

Wifi alitembea mpaka chini ya mti. Alirekebisha mtandio, kama mtu aliyefika kwa wakwe.

"Hodi," akasema.

Bundi aligeuza kichwa. Nilimshika Redio mkono, na yeye akaushika wangu.

"Hodi."

Akamtazama. Alijikunyata kwenye tawi, akajifanya mwembamba, manyoya yote yamelala mwilini. Sijui wifi alikuwa anaomba nini moyoni. Nadhani alikuwa anaomba mambo mawili yasiyokaa pamoja.

"Hodi," akasema mara ya tatu, na safari hii sauti ilikatika.

Ndege akafungua mabawa akaruka, akatupa mgongo, akapita juu ya machimbo akaingia kwenye miti ya ng'ambo. Wifi alikaa pale kitambo, uso umeelekea kule. Halafu akageuka, kama bibi alivyowafundisha, bila kununa, akaja mpaka kwenye gari na kufungua mlango.

"Wenyewe hawapo," akasema. "Twendeni."